Kufika Si Kuvumbua

Yako maneno ambayo yakisemwa mara nyingi hupata heshima ya ukweli bila ya kuulizwa yametoka wapi. Moja katika hayo ni neno kuvumbua, kila litumiwapo kwa habari za nchi yetu. Mtoto wa shule huambiwa kwamba ziwa la Naivasha lilivumbuliwa na Mjerumani mwaka 1883, na kwamba ziwa la Turkana lilivumbuliwa na Mhangari mwaka 1888. Mtoto hukariri, huandika katika mtihani, hupata alama yake, na jioni hurudi nyumbani akapita kando ya maji yale yale ambayo watu waliyanywesha mifugo yao karne nyingi kabla Mjerumani huyo hajazaliwa. Hakuna amwulizaye kama mambo hayo mawili yanapatana. Nia yangu katika insha hii ni kulishitaki neno hilo. Sitaki lifukuzwe katika lugha, maana ni neno zuri. Nataka lirudishwe kwenye kazi yake ya halali, liache kazi ambayo si yake.

Nianzie mahali ambapo msomaji wa Bonde la Ufa anapajua. Kusini ya ziwa la Naivasha, kando ya barabara iendayo kwenye lango la Elsa la mbuga ya Hell's Gate, iko makazi iitwayo Kamere. Wengi wakaao hapo walitoka mbali, wakaja kutafuta kazi katika mashamba ya maua na kuvua samaki ziwani. Mtu akitoka Kamere akaingia langoni, hatembei sana kabla ya kuona jabali limesimama peke yake kama mlinzi, urefu wake yapata mita 25. Ni mwamba uliobaki kutoka koo la volkeno ya kale, baada ya udongo ulioizunguka kuchukuliwa na mvua na upepo. Ramani zote huliita jabali hilo Mnara wa Fischer. Lakini Wamaasai wana hadithi yao juu yake. Husema kwamba ni binti aliyekuwa akienda kuolewa, akakatazwa kugeuka nyuma. Mapenzi ya nyumbani yakamshinda, akageuka, akawa jiwe. Hadithi ya binti husimuliwa kwa wageni kama kichekesho cha njiani, na jina la Fischer huandikwa kwa wino. Kuna sababu gani ya kupendelea moja na kudharau nyingine? Sababu ni lile neno ninalolishitaki.

Tulitazame basi neno lenyewe. Katika Kiswahili, kuvumbika ni kufukia kitu katika majivu ya moto au mchanga, kama afanyavyo mtu anayevumbika muhogo ili uive. Kuvumbua ni kinyume chake: ni kukifukua kilichofukiwa na kukileta nje. Kwa hiyo kitu hakivumbuliwi mpaka kwanza kiwe kimefichika. Na si kufichika kwa mtu mmoja tu, kwa kuwa hapo kila mtu angekuwa mvumbuzi wa kila kitu. Binti aliyeshuka jana katika matatu hapo Kamere, hajapata kuliona ziwa tangu azaliwe, angekuwa na haki ya kusema kwamba amelivumbua. Angesema hivyo tungemcheka, na kwa haki. Tungemwambia: umefika, karibu, lakini hukuvumbua. Kipimo tunachompimia binti huyu maskini ndicho tumpimie na daktari wa Kizungu. Mizani haibadiliki kwa sababu ya rangi ya mnunuzi.

Ili nisidhaniwe kwamba nawaonea wivu wasafiri wa Ulaya, nitawapa kwanza haki yao. Twende pamoja kwa fikira mpaka kaskazini ya mwisho ya dunia. Mwaka 1872 meli ya Austria na Hangari, Tegetthoff, ilinaswa na barafu katika bahari ya kaskazini. Barafu iliichukua ilikotaka yenyewe, na tarehe 30 Agosti 1873 mabaharia wakaona milima mahali ambapo ramani zilionyesha maji matupu. Nchi hiyo wakaiita kwa jina la mfalme wao, Franz Josef. Mwaka uliofuata Julius Payer alisafiri kwa sleji kuelekea kaskazini, akafika kisiwa cha mwisho, na tarehe 12 Aprili 1874 akasimama kwenye rasi ambayo hakuna nchi kavu ya Ulaya wala Asia iliyo kaskazini yake. Kisiwa akakipa jina la mwana wa mfalme, Rudolf, kijana aliyekuwa na miaka 15, yaani rika la wengi watakaosoma insha hii. Ghuba moja ya kisiwa hicho ikaitwa Teplitz, kwa heshima ya mji aliozaliwa Payer.

Ghuba ya Teplitz ni mahali pa kutisha. Haina mti, na jua likizama mwezi wa Oktoba halionekani tena kwa muda wa miezi minne hivi. Mwaka 1899 mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, alitia nanga hapo kwa meli iitwayo Stella Polare. Barafu ikaibana meli ikaitoboa, na watu wakakaa pwani ndani ya mahema wakati wote wa giza. Baridi ilimla mtawala huyo vidole viwili. Watu wake watatu walipotea barafuni wasionekane tena. Hata hivyo Umberto Cagni akaenda na mbwa wa sleji mpaka nyuzi 86 na dakika 34, tarehe 25 Aprili 1900, mahali ambapo kwa wakati huo palipita mbali kuliko pote palipopata kufikiwa kaskazini. Baada yake wakaja Wamarekani chini ya Anthony Fiala mwaka 1903, na meli yao ikavunjwa na barafu katika ghuba ile ile. Warusi nao waliweka kituo kisiwani, na mwaka 1937 ndege zao zilirukia huko zilipokwenda kuteremsha wataalamu kwenye Ncha ya Kaskazini.

Watu hao nawavulia kofia. Payer alipokiona kisiwa cha Rudolf hapakuwa na mwenyeji wa kumwuliza njia, wala mchungaji, wala mvuvi, wala kaburi la mzee. Hakuna jina alilolifuta alipotoa la kwake, kwa kuwa hakulikuta jina. Barafu ilikuwa imeivumbika nchi, naye akaivumbua. Hapo neno limekaa mahali pake kama jiwe la pembeni.

Sasa turudi nyumbani tuone kama limekaa hivyo Naivasha. Daktari Gustav Fischer alikuwa mganga wa Kijerumani aliyekaa Unguja. Alianzia safari yake Pangani, akapita nchi ya Wamaasai, akafika ziwani mwaka 1883. Alifikaje? Hakuongozwa na nyota, wala barafu haikumsukuma. Alifuata njia za misafara ya watu wa pwani, waliokuwa wakienda bara kununua pembe za ndovu miaka mingi kabla yake. Alifuatana na wapagazi na viongozi wenye kujua visima na makambi. Na alipofika hapo hakuzuiwa na jangwa wala na maradhi. Alizuiwa na Wamaasai, wenye nchi, wasiotaka aendelee, naye akarudi. Pana ajabu gani kubwa kuliko hii, kwamba mtu avumbue mahali, kisha afukuzwe na wenyeji wa mahali alipovumbua?

Jina lenyewe latosha kuwa shahidi. Naivasha ni matamshi ya Wazungu ya neno la Kimaasai, Nai'posha, lenye maana ya maji yachafukayo kwa mawimbi. Aliyelipa ziwa jina hilo alikuwa amelitazama asubuhi likiwa shwari na alasiri likichafuka kwa upepo, si siku moja bali siku nyingi. Hilo ni jina la mkazi, si jina la mpita njia.

Tena iko hati. Mwaka 1870, miaka 13 kabla ya safari ya Fischer, mmisionari Thomas Wakefield wa Mombasa alichapisha katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London maelezo ya njia za misafara ya wenyeji kutoka pwani mpaka bara. Habari nyingi alizipata kwa mtu wa pwani aitwaye Sadi bin Ahedi, ambaye alizijua njia hizo kwa miguu yake, kituo baada ya kituo. Kwa hiyo hata mabwana wa London hawawezi kusema kwamba hawakuambiwa. Waliambiwa, wakachapisha, kisha wakaendelea kumngoja mtu wa rangi yao aje avumbue.

Nyuma ya Fischer akaja Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 25, aliyetumwa na chama hicho hicho. Msafara wake uliungana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, aliyeijua nchi ya Wamaasai kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Thomson aliandika kitabu, akapata sifa, na jina lake likapewa maporomoko ya Nyahururu na swala wa mbugani. Miaka michache baadaye, 1887, Mhangari Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walipotaka kwenda kaskazini walimtafuta nani? Walimtafuta Jumbe Kimemeta. Wasafiri wawili mashuhuri walishika mkono wa mtu mmoja, kila mmoja akafika, na kila mmoja akaitwa mvumbuzi. Aliyewashika mkono hana jabali, hana maporomoko, hana swala.

Mwezi wa Machi 1888 Teleki alifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini. Akalipa jina gani? Akaliita Rudolf. Ni Rudolf yule yule, mwana wa mfalme aliyepewa kisiwa cha barafu miaka 14 kabla. Mtu mmoja aliyekaa Vienna alipewa kisiwa ambacho bahari yake huganda, akapewa na ziwa ambalo mawe ya pwani yake huchoma nyayo. Wala hakupata kutia mguu kisiwani wala ziwani. Akafa Januari 1889, chini ya mwaka mmoja baada ya ziwa kupewa jina lake. Lakini angalia tofauti. Kisiwani jina la Rudolf lilikuwa la kwanza. Ziwani lilikuta majina mengine. Höhnel mwenyewe aliandika kwamba wenyeji waliliita Basso Narok, yaani maji meusi. Aliuliza jina, akajibiwa, akaandika jibu daftarini, na juu ya ramani akaandika jina jingine. Huo si uvumbuzi. Kuna neno la Kiswahili la tendo la namna hiyo, nalo ni kufukia. Wasafiri hao hawakulivumbua ziwa, walilivumbika.

Jina la Rudolf lilikaa juu ya ziwa hilo mpaka mwaka 1975, Kenya ilipoliita Turkana. Na kama twataka kumjua mvumbuzi wa kweli wa ziwa hilo, yuko. Mwaka 1984, mahali paitwapo Nariokotome, magharibi ya ziwa, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa katika kundi la Richard Leakey, aliona kipande kidogo cha mfupa kikifanana na kokoto zilizokizunguka. Wakafukua, wakapata mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hapo pana kitu kilichofukiwa, na jicho lililokiona, na mkono uliokitoa. Kimeu alivumbua. Basi msomaji aone kwamba sigawi sifa kwa kabila wala kwa rangi. Payer Mzungu nimempa haki yake, na Kimeu Mwafrika nimempa haki yake, kwa kipimo kimoja.

Nimwongeze shahidi mmoja tena, naye ni yule mtawala wa Abruzzi wa ghuba ya Teplitz. Miaka sita baada ya barafu kumla vidole alikuja kwetu. Mwaka 1906 alishuka Mombasa, akapanda gari moshi, akapita Bonde letu la Ufa kuelekea Kisumu, akavuka Nyanza mpaka Uganda, akapanda milima ya Ruwenzori. Vilele vya theluji vya milima hiyo alivipanda kweli, na kwa ushujaa. Kimoja akakiita Margherita kwa malkia wa Italia, kingine Alexandra kwa malkia wa Uingereza. Lakini Wakonzo, ambao mgongoni mwao mizigo ilipanda mlima, walikuwa wanayo itikadi yao juu ya theluji ile na mwenyewe, Kitasamba, tangu zamani. Mtawala alikuwa mtu wa kwanza kujulikana kufika kileleni, na aandikwe hivyo. Hakuwa mtu wa kwanza kujua kwamba mlima upo.

Huenda msomaji akaniambia, "Hilo ni neno tu, nalo neno halivunji mfupa." Kwa nchi yetu neno hili limevunja zaidi ya mfupa. Nchi ikisemwa kwamba imevumbuliwa, husemwa chini ya pumzi kwamba ilikuwa haina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe huokotwa. Fischer alifika mwaka 1883. Mwaka 1900 reli ilifika Naivasha. Mwaka 1904, miaka 21 tu baada ya Fischer kurudishwa nyuma, Wamaasai walifanyiwa mapatano ya kuondoka Bonde la Ufa, pamoja na Naivasha, ili nchi igawiwe walowezi, wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaondolewa na Laikipia. Mwaka 1913 walipeleka shauri lao mahakamani, wakashindwa. Sisemi kwamba Fischer aliwanyang'anya ardhi. Yeye alikuwa amekwisha kufa tangu 1886. Nasema kwamba mwandishi wa ramani alitangulia na mwandishi wa hati akafuata nyuma yake, na wote wawili walisoma neno moja.

Mwingine atasema, "Wasafiri hao walipima kwa vyombo, wakachora, wakaandika, bila wao elimu ya jiografia isingekuwa kamili." Nakubali. Kupima ni kazi ya heshima, na kuchora ramani ni kazi ya heshima. Basi tuandike hivyo: Fischer alifika Naivasha mwaka 1883 akaandika habari zake, Teleki na Höhnel walilitia ziwa la kaskazini katika ramani za Ulaya. Ni nini kilichopungua? Ushujaa wao umebaki, elimu yao imebaki, tarehe zimebaki. Kilichoondoka ni uwongo peke yake.

Wa tatu atasema kwamba maneno haya ni chuki ya mambo yaliyopita. Namjibu kwamba sikuomba Mnara wa Fischer ubomolewe. Mgeni aliyefika salama si vibaya akumbukwe. Naomba tu kwamba kibao kinachotaja jina lake kimtaje na binti wa hadithi. Na kwamba kitabu kinachomtaja Thomson kimtaje na Jumbe Kimemeta. Na kwamba swali la mtihani lisimlazimishe mtoto kuchagua kati ya alama na ukweli.

Kijana usomaye, kazi iliyobaki ni yako zaidi kuliko yangu. Likizo ikija, mwendee mzee wa kwenu umwulize jina la kila kilima, kijito na bonde linaloonekana kutoka mlangoni pake, na maana ya kila jina. Yaandike yote. Kama wewe ni mtoto wa Kamere, na wazee wako walitoka ng'ambo nyingine ya nchi, mwulize Mmaasai aliyeko jirani. Hakuna aibu kwa mgeni kuuliza, aibu ni kwa mgeni kubandika jina lake bila kuuliza. Majina hayo yamefukiwa chini ya ramani kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukiyatoa, hakuna atakayekunyima jina la mvumbuzi, nami nitakuwa wa kwanza kukuita hivyo.